Kushona Usichokiona

Mezani kuna rundo la miraba midogo ya kitambaa. Kila mraba una pembetatu mbili zilizokutana kwa mshono wa mshazari, moja ya zambarau na moja nyeupe. Imepigwa pasi, imehesabiwa, imefungwa kumi kumi kwa uzi ili isitawanyike. Mshonaji anajua mengi juu ya miraba hii: upana wake, uzito wa kitambaa chake, hata gauni la mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima, lililotoa ile zambarau iliyofifia kidogo. Jambo moja tu halijui, nalo ndilo kubwa: miraba hii itakuwa nini? Huenda ikawa ncha za nyota. Huenda ikawa ukingo, au kijia chembamba kinachopita kati ya maumbo mazito zaidi. Ijumaa ijayo atapata agizo jingine, atashona rundo jingine, na bado hataambiwa. Amekubali hivyo kwa hiari yake. Na katika nyumba zilizo mbali sana na yake, nyingine zimezungukwa na theluji na nyingine zinachomwa na jua, watu asiowafahamu wanashona miraba ile ile kwa kipimo kile kile, nao hawajui.

Hii ndiyo kwilti ya fumbo. Kwilti yenyewe ni tandiko la tabaka tatu: juu uso wa viraka vilivyopangwa, katikati pamba, chini bitana. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono inayopenya zote tatu, kisha kingo zikakungwa kwa utepe wa kitambaa. Kwa kawaida mtu huanza kwa kuiona picha ya uso huo, akaipenda, ndipo akatafuta vitambaa. Katika kwilti ya fumbo picha imefichwa. Mbunifu hutaja rangi na kiasi cha kitambaa, halafu huigawa kazi mafungu mafungu, na kila fungu lina siku yake: kata vipande hivi, viunganishe hivi, upate idadi hii, uviweke kando. Fungu la mwisho ndilo linaloeleza jinsi ya kuyakutanisha yote.

Vyama vya washonaji hufanya hivyo, na maduka ya vitambaa pia, lakini jina linalotajwa zaidi katika jambo hili ni la Bonnie Hunter, mbunifu na mwandishi wa vitabu vya kwilti anayeishi kwenye milima ya Virginia, Marekani. Kwa miaka mingi sasa amekuwa akitoa fungu la kwanza siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani, inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na jibu hufika karibu na Mwaka Mpya. Kila fumbo lina jina lake: Orca Bay mwaka 2011, Celtic Solstice mwaka 2013, En Provence mwaka 2016, Good Fortune mwaka 2018. Kabla ya kuanza huonyesha rangi zake kwa kadi ndogo za duka la rangi za nyumba, zile ambazo watu huzichukua wanapotaka kupaka kuta, ili mtu wa popote aweze kuzilinganisha na vitambaa alivyonavyo kabatini. Kwa En Provence rangi hizo zilikuwa zambarau, kijani, waridi iliyokolea, njano na nyeupe za namna nyingi. Jina na zambarau vilidokeza mashamba ya lavenda ya kusini mwa Ufaransa. Zaidi ya hapo, washonaji waliachiwa mikono yao tu.

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili anaitambua hali hii kabla hajashika sindano. Kitendawili! Tega! Hapo hapo baraza zima limekubali kwamba mmoja anajua na wengine hawajui, na kwamba kutojua huko si aibu. Watu watajaribu, watakosea, watacheka, watajaribu tena. Wakishindwa, mtegaji atadai mji, atapewa mji, ataeleza jinsi alivyofika huko na alivyopokewa, na mwisho atalitaja jibu. Mkataba huo haujaandikwa popote, lakini hata mtoto wa miaka sita anaujua: mtegaji haondoki barazani na jibu moyoni mwake. Raha ya usiku mzima inasimama juu ya ahadi hiyo. Kwilti ya fumbo ni kitendawili kinachoteguliwa kwa mikono, na mji unaodaiwa ni wiki tano au sita za kukata, kushona na kupiga pasi.

Wahenga walikuwa na kauli mbili kuhusu kungoja, na hawakujisumbua kuzipatanisha. Subira yavuta heri, walisema. Na pia walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Aliyewahi kushiriki kwilti ya fumbo anazielewa zote mbili katika juma moja. Jumamosi anashona kwa utulivu, mikono imezoea, akili imepumzika. Jumatano kazi imekwisha, agizo jipya bado halijatoka, na anaanza kuvipanga vipande sakafuni akijaribu kulikisia umbo. Anakizungusha kimoja, anakipindua kingine, anapiga hatua nyuma ili aone. Wenzake wanafanya vivyo hivyo, na makisio yao yanapishana. Wengi watakuwa wamekosea. Lakini katika kukisia kwao wamejifunza jambo ambalo picha isingewafundisha: kwamba mraba mmoja wa pembetatu mbili unaweza kuwa sehemu ya vitu chungu nzima, na kwamba umbo lake haliufungi.

Desturi ya kuipata kwilti kipande baada ya kipande ina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1916 gazeti la Kansas City Star lilianza kuchapa michoro ya Ruby Short McKim, msanii wa Independence, Missouri: wanyama wa hadithi za watoto, kila mara mmoja, wa kutarizi kwenye mraba wa kitambaa mpaka kwilti ya kitandani itimie. Kuanzia 1928 hadi 1961 gazeti hilo hilo lilichapa ruwaza za viraka zaidi ya elfu moja. Wanawake wa mashambani waliikata karatasi kwa mkasi na kuihifadhi. Mingine kati ya miaka hiyo ilikuwa migumu. Mdororo wa uchumi ulipowabana watu, viwanda vilivyofunga unga na chakula cha kuku katika magunia ya pamba vilijua kwamba magunia hayo yakiisha kazi hugeuzwa nguo, vikayachapa maua. Kwa hiyo kuna kwilti za wakati ule ambazo uso wake wote ulifika nyumbani ukiwa umebeba chakula cha mifugo. Haba na haba ilijaza kibaba, na kibaba kilifunika watoto usiku.

Imani ya mshonaji wa fumbo haimzuii kufungua macho. Mshono wa kwilti una upana wa robo inchi, karibu milimita 6, na juu ya robo hiyo kila kitu kinasimama au kuanguka. Mraba uliokatwa inchi 2 na nusu unatakiwa ubaki inchi 2 ukishashonwa pande zote. Mshono ukizidi milimita moja, jicho halioni. Lakini mstari wenye mishono 20 utakuwa umepungua sentimita 4, kwa kuwa kila mshono hula pande mbili, na hautalingana na mstari wa jirani yake. Anayeshona kwa kufuata picha anaweza kuona mapema kwamba mambo yameenda upande. Wa fumbo hana picha, ana rula. Hivyo hushona kipande cha majaribio, hukipiga pasi, hukipima, husogeza sindano kidogo, hushona kingine. Kilichokosewa hufumuliwa, uzi baada ya uzi, kwa ncha ya kifaa kidogo kinachokaa karibu na cherehani muda wote. Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu chenye wembe wa gurudumu, nacho kilibadili kazi hii kabisa, kwa kuwa tabaka kadhaa za kitambaa ziliweza kukatwa kwa mkupuo mmoja, zikiwa zimenyooka. Ndipo mtu wa Virginia na mtu wa ng'ambo ya bahari walipoweza kukata vipande vinavyolingana bila kukutana. Imani yao ina kipimo, na kipimo hicho wanakikagua wenyewe kila siku.

Rangi nazo zinabaki mikononi mwao. Mbunifu anaweza kusema zambarau. Huyu akachukua samawati kwa sababu ndiyo iliyojaa kabatini mwake, na yule akachukua vipande vya kitenge. Usisafirie nyota ya mwenzio. Hunter mwenyewe amejenga kazi yake yote juu ya masalio: mashati ya zamani, vipande vya inchi mbili, ncha ambazo fundi mwingine angezifagia. Jibu likishatoka, kwilti zilizofuata maagizo yale yale neno kwa neno hutandazwa, na hakuna mbili zinazofanana. Nyingine nyota zake zinang'aa juu ya giza, nyingine nyota zimezama na kilichochomoza ni njia kati yake. Mtu amekabidhi umbo, hakukabidhi macho yake.

Hapo ndipo swali linapopanuka. Mtu anaombwa afanye sehemu ya kazi, kwa bidii, kwa usahihi, bila kuonyeshwa mwisho wake. Je, ni lini jambo hilo ni furaha, na ni lini ni dhuluma?

Mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya Karne ya Maendeleo mjini Chicago, kampuni ya Sears iliandaa shindano la kwilti la nchi nzima. Zaidi ya kwilti 24,000 ziliingizwa, na zawadi kuu ilikuwa dola 1,000, fedha ambayo wakati ule ingeibadili hali ya familia. Masharti yalitaka kwilti iwe kazi ya mshindani mwenyewe. Aliyeshinda alikuwa mwenye duka la kazi za sindano huko Lexington, Kentucky, na kwilti yake ilikuwa imeshonwa na wanawake wengine aliowapa kazi hiyo kwa ujira. Hawakutajwa, wala hawakuonja zawadi. Walinyamaza, kwa kuwa kazi zilikuwa adimu na walizihitaji. Siri ya mtungi aijuaye kata: wanawake wale waliijua kila ncha ya nyota ya kwilti ile, waliijua kwa vidole, na ujuzi wao ulibaki ndani ya nyumba zao kwa miaka mingi. Kwilti yenyewe ilipelekwa kwa Eleanor Roosevelt, mke wa rais, na baadaye ikapotea.

Siri hiyo na siri ya Bonnie Hunter zote ni siri za viraka, lakini haziko upande mmoja. Ya Hunter imewekewa siku ya kufunguliwa, na siku hiyo kila aliyeshona anaondoka na jibu lililo lake, kitandani mwake. Ya Lexington iliwekwa ili isifunguliwe kabisa, na aliyenufaika nayo ni mmoja. Kungoja kwa mshonaji wa fumbo kuna heshima kwa sababu ameahidiwa, na kwa sababu anaweza kuacha wakati wowote, akavitia vipande vyake mkobani na kwenda zake.

Kuna waliofanyishwa kazi bila ahadi na bila mlango. Katika karne ya 19 pamba iliyochumwa na watumwa katika majimbo ya kusini mwa Marekani ilisafirishwa hadi viwanda vya Massachusetts, ikafumwa kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, na merikebu za mji wa Salem zikakileta Zanzibar. Marekani na Sultani Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na kitambaa hicho, merikani, kikavaliwa pwani yote na kubebwa na misafara hadi maziwa makuu, ambako kilitumika kama fedha. Mchumaji wa pamba wa Alabama au Georgia hakuambiwa inakokwenda. Mvaaji wa Unguja au Tabora hakuambiwa ilikotoka. Bahari nzima ya watu iliunganishwa kwa uzi mmoja ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona wote, na walioweza kuuona, wenye mashamba na wenye merikebu, waliutazama katika daftari za hesabu. Mtu akifikiria jambo hili huku kitambaa kikiwa mkononi, haliondoki haraka.

Kati ya hao waliozaliwa utumwani alikuwapo Harriet Powers, aliyezaliwa Georgia mwaka 1837. Baada ya ukombozi alishona kwilti mbili za picha ambazo leo ziko katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington na katika Jumba la Sanaa la Boston: wanyama wa Uumbaji, Yona na samaki, nyota zilizoanguka. Ya kwanza ilionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Jennie Smith, mwalimu wa sanaa, alitaka kuinunua, Powers alikataa. Miaka michache baadaye shida ilimbana, akaomba dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuiachia alimweleza Smith maana ya kila picha, na Smith akaandika. Inajulikana kwamba baadaye Powers alirudi mara kadhaa kuitembelea kwilti yake. Hakutaka kazi yake iwe fumbo. Alitaka ielezwe, na ikaelezwa kwa kinywa chake mwenyewe.

Pengine ndiyo sababu inauma kidogo kuona jinsi watu wanavyopenda kuzitwisha kwilti siri ambazo hazikubeba. Kitabu kimoja kilichotoka mwaka 1999 kilisimulia kwamba watumwa waliotoroka waliongozwa kwa ruwaza za kwilti zilizoanikwa nje, kila umbo na agizo lake. Simulizi hilo lilienea madarasani, likapendwa. Wanahistoria waliolichunguza hawakupata ushahidi wa kulithibitisha. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kushawishiwa kwamba kitambaa husema. Kanga imesema naye maisha yake yote, ikisifu, ikisuta, ikiomba radhi. Lakini kanga husema kwa herufi zinazosomeka na jirani. Heshima ya wale waliotoroka haipungui wakinyang'anywa hadithi ya kwilti. Walisafiri usiku kwa ujasiri wao na kwa msaada wa watu waliohatarisha maisha.

Na kuna waliofika kwenye umbo bila kuelekezwa na yeyote. Katika kona ya mto Alabama iitwayo Gee's Bend, mahali palipokuwa shamba la pamba la watumwa, wajukuu na vitukuu wao, wengi wakiwa bado na jina la Pettway, jina la mwenye shamba, walishona kwilti za kujikinga na baridi inayopenya mbao za nyumba. Walitumia suruali za kazi zilizochakaa magotini, magunia, mashati. Mstari ukipinda uliachwa upinde. Mwaka 1966, katika harakati za haki za raia, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee ili wauze kazi zao. Mwaka 2002 kwilti za Gee's Bend zilitundikwa katika Jumba la Sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney mjini New York, na mwaka 2006 zikawa stempu za posta ya Marekani. Mshonaji wa Gee's Bend alianza na kiraka kimoja, akatazama, akaongeza kingine. Naye hakuijua sura ya mwisho. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa akiijua badala yake. Jibu lilizaliwa pamoja na kwilti.

Ng'ambo ya pili ya bahari, katika misitu ya Karnataka nchini India, Wasidi nao wana njia yao. Mababu zao ni Waafrika, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waliovushwa Bahari ya Hindi katika karne nyingi za biashara ya watumwa, na wengine walitoroka Goa ya Wareno wakaingia milimani. Wanawake wao hushona kwilti iitwayo kawandi kutoka sari na nguo zilizochakaa, na huianzia pembeni. Kipande kinawekwa kwenye kona, kinashonwa kwa bandi moja kwa moja juu ya tabaka za chini. Kingine kinafuata, kingine, mshonaji akizunguka ukingo wote, kisha anazunguka tena ndani yake, na tena, mpaka anafika katikati. Katikati ndiko mwisho. Uwanda wa kati, ambao macho ya mgeni hukimbilia kwanza, ni mahali ambapo mikono hufika ikiwa imechoka na imejua. Na huku pwani, inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za rangi zikiwa bado kwenye jora, wakazikata tatu tatu, wakaziunganisha mbili mbili kwa mshono wa katikati, wakajifunga. Vazi hilo la kanga, lililokuja kuwa sare ya arusi, ya msiba na ya uzazi, lilianza kwa mtu kutazama vipande sita na kuona kitu ambacho muuzaji hakukiona.

Kuna kwilti moja ambayo ni vigumu kuiona yote kwa pamoja tena. Mwaka 1987 mjini San Francisco, Cleve Jones na wenzake walianza kushona majina ya waliokufa kwa ukimwi, kila jina kwenye kitambaa cha futi 3 kwa futi 6, karibu na ukubwa wa kaburi. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo, vitambaa 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja wa taifa mjini Washington. Mara ya mwisho vyote kutandazwa pamoja hapo ilikuwa Oktoba 1996. Sasa vimefika karibu 50,000, uzito wa tani 54. Mama aliyekaa jikoni akishona jina la mwanawe, akitia kipande cha jinzi yake na kitufe cha koti lake, alijua kitambaa kimoja. Hakujua kitalala karibu na cha nani. Mara nyingi kililala karibu na cha mgeni kabisa, vikashonwa pamoja vinane vinane, na tangu hapo vinasafiri pamoja. Hapakuwa na mbunifu aliyeficha picha. Ukubwa wa msiba ndio ulioificha, na watu walishona hata hivyo, kila mmoja kwa kipimo kile kile, ili cha kila mmoja kiweze kukaa na cha mwingine.

Kukubali kipimo kimoja na watu usiowajua kuna thamani ya pekee. Robo inchi haitambui dini wala chama. Katika nyakati ambazo majirani hawaaminiani hata katika mambo madogo, watu wanaokaa chini mwezi wa Desemba na kukata vipande 120 kwa ajili ya umbo wasilolijua wanafanya zoezi ambalo jamii inalihitaji: kutoa kazi iliyo sahihi kabla ya kuona faida, huku wakiwa na haki ya kuuliza, kupima na kuondoka. Mwaka 2020 fumbo la Hunter lilikuwa Grassy Creek. Ule ulikuwa mwaka wa janga la korona, ambao watu wengi duniani walikaa majumbani bila kujua wiki ijayo italeta nini. Katika mwaka kama huo, agizo moja la hakika kila Ijumaa, hata likiwa la kukata miraba tu, lilikuwa na uzito wake.

Jibu linapotoka halimfurahishi kila mtu, nalo hilo lisemwe wazi. Wengine hulipenda papo hapo. Wengine huona nyota kubwa mno, au ukingo wasioutaka, wakavipanga vipande vyao kwa namna nyingine kabisa, na kwilti inayotoka hapo ni halali. Wengine hawakufika hata kwenye jibu. Fungu la tatu liliwakuta na mgonjwa nyumbani au na zamu za usiku, na vipande vimelala sandukuni. Kuna nyuso za kwilti zilizokaa miaka kumi zikingoja pamba na bitana. Kuna zilizomaliziwa na binti baada ya mama kufariki, maagizo yakiwa bado yamekunjwa pamoja na vipande, na penseli ya mama imeweka alama pale alipofika.

Kazi ikiisha kuna jambo moja linalobaki, na washonaji wengi hulipuuza. Kwenye kona ya bitana hushonwa kitambaa kidogo cheupe, na juu yake huandikwa kwa wino usiofutika jina la aliyeshona, mahali, mwaka wa kuanza na mwaka wa kumaliza, jina la fumbo na la aliyelibuni. Wanaojali huendelea: aliyetoa gauni la zambarau, aliyesaidia kutandaza tabaka tatu sakafuni, aliyefumua mistari miwili iliyopinda. Wanawake wa Lexington hawakupata kona hiyo. Harriet Powers alipata kalamu ya Jennie Smith, na kwa sababu hiyo leo inajulikana alichokusudia kwa kila mnyama na kila nyota. Kitambaa hicho cheupe hakihitaji kuwa kikubwa. Sentimita 15 kwa 10 zinatosha majina manane au tisa, yakiandikwa kwa mwandiko mdogo unaosomeka.